Wiki kadhaa na bundi aliyekula panya wa sumu

Ilikuwa kumi la kati la Ramadhani, baada ya daku sikurudi kulala, na kama saa moja na nusu asubuhi nikasikia kunguru nyuma ya nyumba wanapiga kelele ambazo si zile za kila siku. Sisi watu wa Mombasa kunguru tushawazoea, hawa wa shingo ya kijivu, anakuibia samaki sahanini mchana kweupe na wewe umesimama hapo, lakini kuna ile kelele yao ya kuzingira, yaani wote wanatazama pahala pamoja na wanashuka kwa zamu kudona. Nikajua hapo pana kiumbe anateswa. Nikatoka na leso yangu begani nikazunguka mpaka kwenye kichochoro cha nyuma ya godauni, mie nakaa Kongowea si mbali na soko, na pale chini kwenye maboksi yaliyolowa nikamuona.

Bundi. Yule mweupe mwenye uso wa kopa, kopa hilihili la karata, kifua cheupe chenye vidoadoa vyeusi na mgongo rangi ya mchanga uliochanganywa na majivu. Alikuwa amelala kifudifudi bawa moja limefunguka kama mkeka. Nilipokaribia hakuruka, akanifungulia mdomo akatoa sauti ya kuchana kitambaa kipya, "shhhhhh", huku anayumbisha kichwa kushoto kulia, na hiyo ndio silaha yake ya mwisho aliyokuwa nayo. Nikamrushia leso juu nikamkusanya pamoja na miguu, miguu ndio ya kuogopa si mdomo, nikamkumbatia kifuani. Jamani alikuwa mwepesi. Nilihisi kama nimebeba leso tupu.

Sasa kabla sijafika mlangoni mtaa mzima ushajua. Shangazi yangu akasimama kwenye kizingiti akaniambia bundi haingii nyumba hii, tena mwezi mtukufu. Jirani wa juu akasema wiki iliyopita bundi alilia kwenye bati lao na hapo hapo wakapigiwa simu ya msiba kutoka Lamu. Kijana mmoja akataka kumaliza shughuli kwa jiwe, na nilimwambia wazi atanipiga mie kwanza. Siwalaumu, nimekulia ndani ya maneno hayo hayo, bundi akilia usiku mama alikuwa akituvuta ndani na kuomba dua. Lakini aliyetuokoa siku hiyo ni mzee anayesomesha madrasa ya mtaa wetu, alikuwa anapita akasimama, akauliza kuna nini, akawatajia ile hadithi ya Mtume s.a.w. iliyomo kwenye Bukhari, hakuna adwa, yaani maradhi kuambukiza yenyewe, wala tiyara, yaani kuamini mikosi, wala hama. Akaeleza kwamba hiyo hama kwa maelezo ya wanazuoni wengi ni bundi, Waarabu wa zama za ujahilia walikuwa wakiamini ni roho ya mtu aliyeuawa inayozunguka kulia, na Mtume akaikataa imani hiyo kwa jina lake. Kisha akasema huyu ni kiumbe mgonjwa, mpeni nafasi. Shangazi akanyamaza. Hakufurahi lakini akanipisha mlangoni.

Kosa langu la kwanza nililifanya dakika hiyo hiyo, nilimtia kwenye tundu la kuku la waya. Akaanza kujigonga na ndani ya muda mfupi akavunja unyoya mmoja wa mkia. Ndege wa namna hii manyoya yake ndio maisha yake, likivunjika moja anasubiri mpaka abadilishe manyoya ndio liote lengine, kwa hivyo msimtie kwenye waya kabisa. Katoni ya kawaida inatosha, toboa matundu, tandika taulo kuukuu lisilo na nyuzi za kunasa kucha, funika, weka pahala penye giza na kimya, basi. Na usimpe maziwa, na usimmiminie maji mdomoni, shangazi alitaka kumtilia maji kwa kijiko kwa huruma tu, nikamzuia kwa sababu niliwahi kusikia kwamba maji hupita kwenye mapafu na ndege anakufa mikononi mwako ukidhani unamsaidia.

Nikampima kwenye mizani ya jikoni, ile niliyokuwa napimia unga wa kaimati, ndani ya katoni ndogo kisha nikatoa uzani wa katoni. Gramu 224. Nikipapasa kifua mfupa wa katikati ulikuwa umesimama kama ubavu wa jahazi, nyama hakuna pande zote mbili.

Hapa niseme jambo la sheria kwa sababu najua kuna mtu atasoma hii akaenda kuokota kifaranga cha bundi ili apige naye picha. Sheria ya wanyamapori ya 2013 hairuhusu mtu kumuweka mnyama wa porini nyumbani bila kibali. Mie niliripoti KWS, shirika la serikali la wanyamapori, asubuhi hiyo hiyo, na makubaliano yakawa atibiwe hapa hapa na daktari wa mifugo anayejulikana na akipona aachiliwe. Kule Naivasha wapo watu wenye kituo cha ndege wawindaji, wamefanya kazi hii miaka mingi, lakini kutoka Mombasa ni safari ya kuvuka Nairobi na kuendelea, na ndege huyu hangefika hata Voi.

Daktari wetu kazi yake kubwa ni paka na mbuzi, na alisema mapema kwamba bundi si mgonjwa wake wa kila wiki, ila alikuwa mtu wa kutulia na nilimpenda kwa hilo. Alimfungua mdomo akanionyesha kwa tochi ya simu. Ndani ya mdomo panatakiwa pawe na rangi ya waridi, yeye ndani yake palikuwa peupe kama karatasi. Chini ya bawa, pale ngozi ilipo nyembamba, kulikuwa na baka la zambarau kama yai la njiwa. Akachoma mshipa mdogo wa bawa akavuta damu kidogo kwenye kijimrija cha kioo, akaangalia saa. Tukasubiri. Damu ya ndege mzima ingeganda ndani ya dakika chache, hii ilikaa kwenye mrija inateleza huku na huku kama sharbati, na pale alipochoma nilishika pamba kwa kidole zaidi ya dakika ishirini bado inatoka nyekundu.

Akasema, "Huyu amekula panya aliyekula dawa."

Na nataka nilikalie hili kwa sababu ndilo lililonitoa usingizi mwezi mzima. Tunaiita dawa ya panya. Ukienda dukani unasema nipe dawa, na ile kitu haijawahi kumtibu yeyote. Nyingi ya hizi zinazouzwa siku hizi kazi yake ni kuzuia mwili kuitumia tena vitamini K, na bila vitamini K ini haliwezi kutengeneza vile vitu vinavyogandisha damu, kwa hivyo mnyama anavuja damu ndani kwa ndani mpaka anakwisha. Haimuui panya papo hapo. Na huko kuchelewa ndiko kunakomnasa, kwa sababu panya ni mjanja, akihisi kuumwa mara tu baada ya kula kitu hagusi tena. Kwa hivyo panya anakula leo, anakuja kula tena kesho, anaishi siku tatu, nne, zaidi, na siku zile za mwisho anakuwa mzito, analewalewa, anatembea katikati ya njia. Sasa wewe jiweke kwenye bundi aliye juu ya paa usiku. Katika panya kumi wanaopita pale chini atamchukua yupi? Si yule anayeburura miguu? Na sumu hizi kali zinakaa kwenye ini wiki na miezi, kwa hivyo hata panya mmoja mmoja kila baada ya siku chache inajumlika.

Yaani ndege ambaye usiku mmoja anaweza kumaliza panya wadogo watatu wanne bure, bila mshahara, ndiye tunayemuua kwanza. Panya wenyewe wanazaana wakarudi ndani ya miezi michache, bundi hawezi hivyo.

Dawa ya kweli ipo, ni vitamini K1, na lazima iwe hiyo K1. Alipigwa sindano chini ya ngozi, akatiwa maji yenye chumvichumvi kwa mrija laini mpaka tumboni, kazi ambayo daktari aliifanya mwenyewe na akanikataza nisijaribu. Na akanikataza nyama. Mie nilikuwa nishamkatia maini ya kuku nikijua mwenye njaa anapewa chakula, kumbe mwili uliokaa na njaa siku nyingi ukiupa nyama nzito ghafla unaweza kumuua huku tumbo limejaa. Kwanza maji siku nzima, kisha chakula cha majimaji, kisha vipande vidogo vya nyama visivyo na mfupa wala manyoya, na mwishoni kabisa ndio mnyama mzima.

Ramadhani ikanisaidia, wallahi. Bundi ni wa usiku na sisi mwezi ule tulikuwa wa usiku. Nikishafuturu na kuswali Magharibi naenda kumlisha, naye anafungua macho yale meusi ti kama kokwa za ukwaju, na wakati wa daku nampa tena vipande viwili vitatu, vitamini nimeificha ndani ya nyama. Nilikuwa nashika kwa koleo ndogo, simsemeshi, taa ndogo tu, nimejifunika leso nyeusi kichwani mpaka usoni. Sikumpa jina. Watoto wa dada yangu walinililia siku tatu wanataka aitwe hivi au vile, nikakataa, mgeni wa kupita hapewi jina la mtoto wa nyumba, na ndege anayezoea sauti ya watu na mkono wa watu atakuja kumshukia binadamu begani siku moja na huyo binadamu atakuwa na jiwe.

Siku ya tano alisimama kwa miguu yake. Siku ya saba nilipoingiza mkono wenye glavu kubadilisha taulo alinikamata kidole, kucha zikapita glavu, na nilifurahi vile damu yangu ilivyotoka kwa sababu ina maana nguvu imerudi. Nilipata nafasi ya kuutazama ule mguu kwa karibu, na ukucha wa kidole cha kati upande wa ndani una meno madogo madogo kama kitana. Kitana kabisa, anachania uso wake kwacho! Nilikaa nimemshika dakika nzima zaidi kuliko ilivyohitajika, Mungu anisamehe, nikihesabu yale meno.

Tatizo likaja kwenye chakula. Anahitaji mnyama mzima na manyoya na mifupa yake, bila hivyo tumbo lake halifanyi kazi sawa, na hapa mjini panya siwezi kumuamini hata mmoja, ndio hao hao waliomleta kitandani. Vifaranga wa siku moja waliokufa nilipata kwa mama mmoja anayeangulisha kule Kisauni. Panya nikampigia mjomba wangu Rabai, shamba lake la mahindi na mihogo halijawahi kuona sumu, akawa ananitegea kwa mitego ya kubana na ananitumia kwa matatu ndani ya kibebeo cha barafu kilichoandikwa SAMAKI. Kwenye friza ya nyumbani hawakuruhusiwa kuingia, shangazi aliweka mpaka huo na nilimuona yuko sawa, muuza samaki wa jirani ndiye aliyenipa pembe ya friza yake kwa shilingi kidogo.

Siku ya kumi, asubuhi baada ya kula panya mzima wa kwanza, nikakuta kitu kwenye taulo. Cheusi, kina ukubwa wa kidole gumba, kinang'aa kama kimepakwa vanishi. Nilishtuka nikadhani ni kinyesi cha damu. Nikampigia daktari akacheka kwa furaha kabisa. Bundi anameza panya mzima, hana kile kifuko cha shingoni kama cha kuku, chakula kinateremka moja kwa moja, na firigisi inakusanya kila kisichosagika, inakiviringa, kisha anakitapika. Maana yake tumbo limeamka. Nikakitia kwenye kisahani chenye maji ya vuguvugu nikakifumua kwa kijiti cha meno, na ndani ya yale manyoya ya kijivu yaliyogandamana nikapata fuvu zima la panya, halijavunjika popote, dogo kama punje ya korosho, na meno ya mbele bado yana ile rangi yake ya chungwa. Mbavu kama uzi. Uti wa mgongo pingili kwa pingili. Watoto wa dada walikusanyika na nadhani siku hiyo ndio woga wa bundi uliwatoka wote watatu, mdogo akaomba fuvu akaliweka kwenye kiberiti analo mpaka leo.

Vitamini aliendelea nayo wiki nne, hata baada ya kuonekana mzima kabisa, daktari hakukubali kupunguza siku hata moja. Kisha tukasimamisha, tukasubiri siku kadhaa, tukapima damu tena. Iliganda kabla sijamaliza kupanga maneno ya dua. Gramu 318.

Kuruka ilikuwa kazi nyengine. Mwenye nyumba alikuwa na chumba cha juu kimehamwa, akaniachia bila kodi mpaka apate mpangaji, na hilo sitalisahau. Nikafunga shuka kwenye madirisha asigonge vioo, feni ya juu nikaifunga kamba kabisa, nikaweka vijiti viwili pande mbili za chumba. Siku za mwanzo anaruka anashuka katikati anahema na koo linatetemeka, joto la Mombasa mnalijua. Wiki ya pili anavuka mara kumi bila kutua. Usiku mmoja nilikuwa nimekaa sakafuni gizani nikahisi upepo shavuni na sikusikia kitu, ndio nikajua amenipitia hapa, sentimita chache. Mbele ya unyoya wa bawa kuna matamvua laini kama kope yanayovunja upepo usipige kelele. Nimeishi na kuku na njiwa na kunguru maisha yangu yote, sijawahi kukutana na bawa lisilo na sauti.

Na ya kuwinda alipimwa pia. Panya hai kutoka Rabai ndani ya beseni kubwa la kufulia, majani makavu chini, taa imezimwa. Sikupenda kuifanya ile kazi na sitajifanya nilipenda. Lakini bundi anasikia kwa masikio yasiyolingana, moja liko juu kidogo kuliko lengine, hivyo sauti inamfikia kwa tofauti ndogo sana na anajua panya yuko wapi hata haoni, na asingekuwa na uhakika huo huko nje angekufa kwa njaa ndani ya wiki. Majani yalitikisika mara moja tu. Alirudia usiku tatu mfululizo hakukosa.

Basi amepona, na mvua ikaanza. Masika ya mwaka huo ilinyesha usiku na mchana, na manyoya ya bundi huyu ni laini mno hayazuii maji, akilowa hawezi kuwinda. Tukangoja siku tisa. Zile siku tisa ndizo nilizozitumia kwenda godauni.

Maana daktari na afisa wa KWS wote walisema bundi mkubwa anarudishwa kwao, pengine ana mwenzake, anajua kila tundu na kila paa, ukimpeleka mbali unampeleka ugenini. Lakini kwao ndiko kulikokaribia kumuua. Mwenye godauni ni mtu mzima, nilimsalimia shikamoo nikakaa kwenye gunia akanipa kahawa, nikamueleza yote. Hakunikasirikia. Akanionyesha magunia ya mahindi na maharagwe yaliyotobolewa, mchele umemwagika, akasema mwanangu hiyo ni karo ya watoto wangu inaliwa. Na ana haki. Sikwenda kumwambia apende panya. Nikamwambia tuzibe matundu ya ukuta kwa simiti na waya, tuinue magunia juu ya mbao, nafaka iliyomwagika isilale sakafuni, na mitego ya kubana badala ya vile vipande vya buluu vya sumu ya panya. Mitego kumi na mbili nilinunua mie. Kijana yule yule wa jiwe ndiye aliyekuja kukoroga simiti, alifika tu mwenyewe na suruali ya kazi, hatukuzungumza habari ya siku ile.

Usiku wa kumi mbingu zikawa safi. Tukapandisha katoni juu ya paa baina ya Magharibi na Isha, kunguru washalala. Nikafungua kifuniko nikarudi nyuma. Hakutoka. Dakika kumi, ishirini, adhana ya Isha ikaanza msikiti huu na kumaliza ule, yeye yumo ndani anageuza kichwa polepole anasikiliza, soko, pikipiki, sufuria za watu. Shangazi alikuwa amepanda pia, amekaa kwenye ngazi, na akanong'ona kwamba labda hataki kwenda. Kisha akasimama kwenye ukingo wa katoni, nikaona weupe wa kifua, nikapangusa macho, na nilipotazama tena hakuna. Alikuwa juu ya mbuyu upande wa Mkomani, tulijua tu kwa ile sauti ya kuchana kitambaa.

Tangu hapo nimemsikia mara kadhaa, yeye au mwengine. Chini ya ule mbuyu nimeokota vidonge vinne vyeusi, nimevifumua vyote, fuvu za panya tu.

Juzi Alhamisi nimepita godauni nikaona vipande vya buluu nje ya mlango, vitatu, na kimoja kimeng'atwa. Mfanyakazi mpya alikuwa hajui habari yetu. Nikavifagia nikavitia kwenye mfuko, nikaingia ndani nikaviweka juu ya meza ya mzee. Alivitazama kwa muda, akaagiza kahawa vikombe viwili, tukaanza tena kuhesabu mitego iliyobaki mizima. Ni saba.